Mezani kwa Canio

Mhudumu alileta glasi tatu.

"Tuko wawili," Ornella alimwambia.

Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye taulo begani, alikiangalia kiti kilichokuwa kando ya Ermes, kisha akaangalia mlango, kama mtu anayemtafuta mgeni aliyetoka kwenda kunawa mikono.

"Samahani, mama. Nilidhani mko na mzee wa nywele za kijivu."

"Mzee mwenyewe ndiye huyu," Ornella akasema, akimwonyesha mumewe kwa uma.

"Mzee ni baba yako," Ermes akajibu, na wote watatu wakacheka. Glasi moja ikaondolewa, pweza akaletwa, na jambo lile likaishia hapo.

Ilikuwa mchana wa tarehe tatu Novemba, bandarini Trani, pwani ya kusini, na jua lilikuwa bado na nguvu ya kumvua mtu koti. Ermes na Ornella walikuwa katika wiki ya tano ya safari yao. Kwa miaka thelathini na nne walikuwa na tanuri la mikate huko Cremona, kaskazini. Mume akikanda usiku na kulala mchana, mke akiuza mchana na kulala usiku, wakipishana ngazini kama walinzi wa zamu. Siku walipoliuza tanuri, Ornella alisema anataka kitu kimoja tu: kuketi na mumewe mezani, mchana na jioni, mpaka achoke kumwona akitafuna. Walipanga wiki tatu. Wakaongeza ya nne, kisha ya tano, kwa sababu hakuchoka. Walikula nyama ya nguruwe iliyokaushwa Parma, wakanywa mvinyo mwekundu wa vilima vya Toscana hadi Ermes akaimba dirishani, wakasimama chini ya dari za makanisa zilizochorwa malaika hadi shingo zikawauma. Kila siku Ornella aligundua jambo jipya kuhusu mwanamume aliyezaa naye watoto wawili. Hakujua, kwa mfano, kwamba huacha tonge la mwisho sahanini.

Siku ile Trani hakuacha tonge la mwisho. Aliipangusa sahani kwa mkate, akapangusa na ya mkewe, na alipojifuta midomo, kitambaa cheupe kilibaki na alama ya kijivu, kama vumbi la jiwe.

"Umekula nini wewe, saruji?" Ornella akamuuliza.

"Njaa inaniuma, mke wangu. Agiza kingine."

Ostuni, siku iliyofuata, mwenye mgahawa aliwaandalia meza ya watu watatu bila kuuliza. Monopoli ilikuwa hivyo hivyo. Ornella aliacha kusahihisha. Alikiondoa mwenyewe kijiko cha ziada na kukificha chini ya kitambaa, naye hakuweza kusema kwa nini anakificha. Ermes alikula supu ya dengu, kondoo wa kuchoma, jibini, tini kavu, kisha akauliza kama kuna tambi. Na mkanda wake ulirudi tundu moja ndani, baadaye la pili, na siku ya sita akatoboa jipya kwa ncha ya kisu. Daktari wa mjini alimpima, akasema ni uchovu wa safari, na kwamba watu wa kaskazini hula haraka mno.

Lakini kilichomtisha Ornella ni mkate. Ermes, mwoka mikate, hakuwahi kumruhusu mtu aguse mkate kwa kisu mbele yake. Mkate humegwa kwa mkono, angesema, kisu ni cha nyama. Mchana mmoja huko Lecce aliuchukua mkate mzima, akaubusu, akaukumbatia kifuani na kuukata kwa kuyavuta makali ya kisu kuelekea moyoni mwake, pole pole, kwa mkono uliozoea, kama wafanyavyo wakulima wa milimani.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Ermes aliutazama mkate mikononi mwake. "Sijui," akasema. Kisha, kwa upole mkubwa, akamkatia kipande na kumsogezea. "Kula, Incoronata."

Ornella hakukigusa.

"Incoronata ni nani?"

"Nani?"

"Umeniita Incoronata, Ermes. Miaka thelathini na nne natoka kitandani wewe unaingia, kumbe nafasi ya Incoronata ilikuwepo! Ni yule mwuza maua?"

Alitaka iwe mzaha. Angefurahi, kwa kweli, kama angekuwa ni yule mwuza maua. Lakini Ermes alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua, akasema kwa sauti ya chini, "Ornella, naogopa. Nikila, simo."

Walirudi katika chumba walichopanga. Ilikuwa saa ile ya baada ya chakula ambayo watu wa kusini hufunga mbao za madirisha na kuiacha mitaa mitupu, wakiwaambia watoto wasitoke kwa kuwa saa hiyo si ya walio hai. Ermes alilala kifudifudi, uso kaugeuza upande. Ornella aliketi kitini, na katika utulivu ule, jua likipenya kwenye mianya ya mbao na kuchora mistari sakafuni, alisikia kikohozi kikavu, kifupi, kikohozi cha mtu ambaye mapafu yake yamejaa mchanga, akadhani ni mumewe, akamwangalia na kuona mgongo wake unapanda na kushuka taratibu bila kushtuka, kikohozi kikaja tena, safari hii karibu zaidi, na pamoja nacho harufu ya mwamba uliolowa na nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, halafu sauti ya taya zikitafuna, zikitafuna bila haraka na bila kitu ndani yake, jino juu ya jino, ikitoka mahali ambapo Ermes alikuwa amelala na mdomo wake, Ornella aliuona vizuri, ulikuwa umefungwa.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ile ngeni iliyokuwa ikimpigia tangu tarehe mbili, namba ambayo hakuipokea akidhani ni wauza bima. Aliipokea kwa sababu alitaka kusikia mtu yeyote.

"Hatimaye!" ilisema sauti ya kikongwe. "Binti, wewe una simu ya nini kama hupokei? Mimi ni mwenye nyumba ya Pietrafosca. Naitwa Incoronata."

Ornella akashika ukingo wa kitanda.

Aliikumbuka nyumba ya Pietrafosca, juu kwenye milima ya Lukania. Waliipanga kwa usiku mmoja, na kwa kuwa barabara ilikuwa nyepesi, walifika siku moja kabla, jioni ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, mkesha wa siku ya wafu. Walimpigia simu wakala aliyewapangishia, haikupokelewa. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua, kama walivyoelekezwa. Ndani walikuta meza imetandikwa: mkate, tambi zenye makombo ya mkate na pilipili kavu, jibini, chupa ya mvinyo, mshumaa unawaka. Kila nyumba waliyolala safari ile mwenyeji aliwaachia chochote cha kukaribisha. Ornella, aliyekuwa na tumbo bovu siku hiyo, alikunywa maji tu. Ermes alikula vyote, akauzima mshumaa kwa vidole. Asubuhi waliondoka, wakaacha kikaratasi: *Asante kwa chakula kitamu.*

"Nani alikula?" Incoronata aliuliza.

"Mume wangu."

"Na mvinyo?"

"Na mvinyo."

"Binti, kwenu hamna wafu?"

"Tunao, mama. Lakini kwetu bibi yangu aliwawekea ndoo ya maji jikoni. Maji tu. Nani angejua kwamba kwingine wanaandaliwa mlo mzima?"

"Watu wa kaskazini," kikongwe akasema, bila hasira. "Hata wafu wenu mnawabania. Sikiliza. Kile kilikuwa chakula cha Canio, mume wangu. Aliyekula chakula cha mfu humwazima mfu mdomo. Mlete. Padre hatamtoa, wala daktari. Aliyemwandalia ndiye anayemwambia nenda."

Walifika Pietrafosca kesho yake, saa sita mchana, ukungu umelala juu ya mapaa. Ermes alikuwa mwepesi kiasi kwamba Ornella alimsaidia kupanda ngazi kwa mkono mmoja. Incoronata alikuwa mlangoni, mfupi, amevaa nyeusi tangu kitambaa cha kichwa hadi viatu. Hakumtazama Ornella. Alimtazama Ermes akivuka kizingiti, na alipomwona anainamisha kichwa kukwepa boriti ambayo kwa kimo chake isingemgusa, akafunika mdomo kwa aproni.

Chakula kilikuwa kile kile. Ermes akaketi, akaubusu mkate, akaukumbatia na kuukata.

"Utaratibu ni huu," Incoronata alimnong'oneza Ornella. "Anakula hadi ashibe. Nikiona ameweka kisu, natoa sahani kwa mkono wangu, namwambia nenda. Mabaki anapewa mwenye njaa wa kwanza nje ya nyumba hii. Sisi hatuyaonji. Basi."

Ermes alikula. Hakuinua kichwa. Ile harufu ya mwamba uliolowa ilijaa jikoni hadi madirisha yakatoka jasho. Mwishowe akaweka kisu.

Incoronata hakutoa sahani. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Ulichelewa wapi, Canio?"

Mdomo wa Ermes ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa na mchanga. "Handaki lilikuwa refu."

"Ndiyo. Walisema hivyo kwenye barua."

"Kulikuwa giza. Nilikuwa nasikia maji. Mwaka huu nikaona mshumaa."

"Mimi nauwasha kila mwaka."

"Mwaka huu niliuona."

Ornella alisimama nyuma ya mumewe na kuona shingo yake, ile mishipa iliyotuna, ngozi iliyokuwa imegeuka rangi ya majivu tangu masikioni hadi kwenye ukosi wa shati. "Mama," akanong'ona. "Ameshaweka kisu."

"Bado hajala jibini."

Akala jibini. Akaweka kisu.

"Mama, tafadhali."

"Kuna tufaha. Hujui anavyopenda tufaha." Incoronata alikuwa akilimenya tayari, ganda likishuka kama utepe mmoja mrefu. "Canio, jirani yetu Vito alikufa. Yule mbuzi wako alizaa mapacha mwaka uleule. Nilikuandikia, sijui kama ulipata."

"Sikupata."

"Mapacha, majike wawili."

Vumbi lilikuwa likidondoka kidogo kidogo kutoka puani mwa Ermes.

"Atakufa!" Ornella akasema. "Unamwona? Mume wangu anakufa mezani kwako!"

Kikongwe akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lilimwogofya Ornella zaidi.

"Umeishi naye miaka mingapi, binti?"

"Thelathini na nne."

"Mimi miezi kumi na moja. Kisha akaenda Uswisi kuchimba handaki mlimani, na mlima haukumrudisha. Niachie chakula kimoja."

Ornella angeweza kumvuta mumewe, lakini alijua angeuvuta mwili tu. Angeweza kupiga kelele. Akapiga magoti kwenye sakafu ya mawe, akashika ukingo wa meza.

"Mama, sisi tulikuwa waoka mikate. Alilala nilipoamka. Siku ya arusi yetu aliondoka saa nne usiku kwenda kuwasha tanuri. Mimi pia sikuwahi kula naye. Nimeanza mwezi uliopita. Nimekula naye wiki tano tu."

Incoronata akaacha kumenya. Alimtazama Ornella kwa muda mrefu, kama mtu anayepima unga kwa jicho. Halafu akainuka. Akachukua sahani kwa mikono yote miwili.

"Umekula, Canio," akasema. "Umeshiba. Nenda."

Ermes akavuta pumzi moja ndefu, na ilipotoka ilitoka kwa muda mrefu kuliko pumzi ya mtu mmoja inavyoweza, ikiuinamisha mwali wa mshumaa hadi ukalala, ikisogeza makombo mezani, ikisukuma mlango wa uani ukafunguka taratibu na kugonga ukuta. Kisha akaanguka mbele, paji la uso likagonga meza.

"Ornella?" akasema, uso bado chini. Sauti ilikuwa yake. "Mbona nina njaa?"

Ornella alicheka na kulia pamoja, akambusu kisogo.

"Mchukue ukamlishe mbali," Incoronata akasema. Alikuwa akikusanya mabaki katika kitambaa: nusu ya mkate, vipande vya tufaha, mvinyo uliobaki chupani. "Hivi nampelekea kipofu wa pale kanisani. Nendeni kabla ukungu haujafunga barabara."

Alimbusu Ornella mashavu yote mawili. Midomo yake ilikuwa baridi.

Uchochoro ule hauna nafasi ya kugeuza gari. Ilibidi washuke hadi uwanjani na kupanda tena kwa njia iliyopita kando ya dirisha la jiko. Ermes alisisitiza kuendesha. Alikuwa akiongea mfululizo, kuhusu ravioli, kuhusu kurudi nyumbani, kuhusu maumivu ya paji lake. Dirisha lilikuwa wazi. Ornella akageuza kichwa.

Incoronata hakuwa ametoka. Alikuwa ameketi katika kiti cha Ermes, mshumaa bado unawaka, kitambaa kimefunguliwa mbele yake. Aliinua chupa, akanywa hadi tone la mwisho. Akaumega mkate. Alikula haraka, akiangalia mlango, kama mtu anayeogopa kukatazwa.

Ornella aliweka mkono kwenye kitasa cha gari. Neno lilikuwa limeshafika kooni: simama. Lakini kusimama kungemrudisha Ermes kwenye ngazi zile, na kulikuwa na swali jingine ambalo hakuweza kulijibu, ni nani anayepaswa kuzuiwa, na kwa faida ya nani.

"Kuna nini?" Ermes akamuuliza.

"Hakuna. Endesha."

Pale dirishani kikongwe alikohoa, kikohozi kikavu, kifupi. Kisha akafumba macho na kuendelea kutafuna bila haraka, na uso wake, ambao Ornella hakuwa ameuona ukitulia hata mara moja, ulikuwa umetulia.