Hodi kwenye Skrini ya Kijani

Kilichomtia fundi shaka kwanza ni harufu. Ghala la dawa linanuka dawa, hilo halina ubishi, lakini chumba cha kompyuta kubwa kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji, na humo hakuna aliyewahi kuwasha hata njiti ya kiberiti. Alimwuliza mkuu wa ghala, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Mama Funguo kwa lile rundo lililoning'inia kiunoni mwake. Akajibiwa kwa mkato kwamba chumba ni cha zamani, na vya zamani vina mambo yake.

Fundi hakulipenda jibu lile. Alikuwa mtu wa kushuku, na kazi yenyewe ilimpa sababu. Aliletwa kuchagua zana ya kuhamishia mtandaoni programu za ghala, zile za skrini nyeusi na maandishi ya kijani, ili watu wazifungue hata kwenye simu. Zana zilizobaki mezani zilikuwa mbili. Ya kwanza huchukua kila skrini kama inavyoonekana na kuivisha nguo mpya. Kazi ya chapuchapu, na bosi wake aliitaka hiyo. Ya pili husoma msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa nyuma ya skrini, na kuyaandika upya. Kazi ya miezi. Makarani hawakutaka hata moja. Kila alipoingia, mazungumzo yalikatika.

Aliijaribu ya kwanza. Jioni akafungua kurasa zake nyumbani, kwenye kompyuta kibao, aone zinavyokaa kwenye kioo kidogo. Mama yake, ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki naye duniani, alichungulia kwa miwani yake minene akasifu rangi. Mama yule alisifu kila kitu, na alikubali kila kitu. Simu yake ilijaa miito na matangazo kwa sababu kila ilipomwuliza swali alibonyeza ndiyo, asionekane hana adabu.

Kesho yake kazini, fundi akikagua kile ilichokusanya zana, alikuta skrini ambayo haikuwamo kwenye menyu yoyote. Katikati neno moja tu: HODI. Chini yake herufi mbili, N ya ndiyo na H ya hapana. Aliutafuta msimbo wake mpaka macho yakamwuma. Haukuwapo. Zana ya kwanza iliibeba skrini ile kwa kuwa ilionekana. Ya pili isingeiona kabisa, maana hakuna mtu aliyeiandika.

"Wananichezea hawa," alisema moyoni, akatoka kwenda kuwauliza.

"Nani kaiweka hii?"

Karani wa mizigo, jamaa wa maneno mengi, akainua kichwa. "Ipi? Aa, hiyo! Hiyo ni ya kila asubuhi, dada. Ukiwasha inakuja, unabonyeza H, inaondoka, unaendelea na kazi."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza. Kwani wewe ukijifuta miguu mlangoni unamtangazia nani?"

Wenzake wakacheka. Mama Funguo hakucheka. Alimshika fundi mkono akamvuta nyuma ya makasha.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo zana yako imeijibu nini?"

"Haijaijibu kitu. Imeinakili tu. Inamngoja mtu."

"Basi mtu huyo asijibu ndiyo. Niliyepokea kazi kwake alinikanya hivyo, naye alikanywa. Kuna mmoja alijibu."

"Ikawaje?"

"Mimi sikumkuta. Nilikuta kiti chake na hiyo harufu."

Fundi alirudi chumbani akiwa na hasira kuliko hofu, kwa sababu aliona njama waziwazi: wanamtisha aikimbie kazi, wabaki na skrini zao. Akafunga mlango, akakaa mbele ya ile kompyuta kubwa kumsaka anayemchezea, na ndipo aliposikia vitufe vikibonyezwa, polepole, kimoja kimoja, wala si vya kibodi iliyokuwa mbele yake bali vya ile kuukuu iliyotupwa kwenye kona bila waya, na kwa kila mbonyezo neno lilijiandika kwenye skrini, HODI, halafu HODI chini yake, halafu HODI tena, maneno yakishuka mpaka chini, na harufu ya majivu ikapanda mpaka akaionja ulimini.

Mara vitufe vikanyamaza. Skrini ikafutika yote, ikabaki herufi moja: N.

Harufu ikaondoka. Chumba kikawa kinanuka dawa tu, kama ghala jingine lolote. Hilo ndilo lililomtoa jasho, kwa kuwa alikumbuka alipoiacha kompyuta kibao: juu ya meza ya sebuleni, ikiwa wazi.

Akapiga simu nyumbani.

"Wewe mtoto una mambo," mama alisema. "Una mgeni na husemi? Amepiga hodi kwenye hicho kidude chako mpaka nikaona haya. Nimemkaribisha."

"Mama, toka nje. Toka sasa hivi."

"Nimwache peke yake? Amekaa kwenye kiti chako. Mpole, ila hebu niambie, uliunguza nini jikoni? Kunanuka majivu." Akaitikia "ee" kwa mtu wa pembeni. "Anauliza utarudi saa ngapi."

Simu ikakatika. Fundi alikimbia njia nzima akilia bila kujificha, akiapa kutumia zana ya pili, akiapa kufuta kila kitu, ilimradi amkute mama yake. Mlango wa nyumbani, ambao mchana haufungwi kamwe, ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ufunguo wake haukuzunguka. Akagonga kwa viganja vyote viwili.

"Hodi!" aliita. "Mama, hodi!"

Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Sauti ilikuwa ya mama yake yule yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mtu kitu.

"Hapana," ikajibu.