Pikipiki Isiyoanguka

Devota aliisukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Pikipiki ililala kidogo, ikanguruma tumboni, ikasimama wima tena yenyewe.

"Haianguki," alisema Mkude, aliyekuwa akiiuza, akiwa amekaa kizingitini kwake, Morogoro. "Ndani mna gurudumu-mizani, linazunguka hata ukiizima. Ukiyumba, linakuweka sawa. Ndiyo maana wakubwa wakaiita pikipiki-mlezi, wakaamuru kila anayejifunza aanze na hii."

"Mimi hata baiskeli sijui, baba."

"Basi ndiyo yako."

Devota alicheka. Alikuwa mkunga, ndiyo kwanza amepangiwa vijiji vya mlimani. Akapanda, akauzunguka uwanja. Alipokaza mwendo, sauti ya upole ilitoka kwenye usukani: "Taratibu, mwanafunzi."

"Ina adabu kuliko mume wangu," alisema akishuka. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mke wangu, Zamoyoni."

"Pole, baba."

Mkude alitazama matairi. Angenyamaza tu, biashara ingekamilika. Alikuwa amechoka kuiona kila akifungua mlango.

"Wajawazito wenye uchungu utawafuata kwa hii?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi usinunue." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ina kufuli-mwendo. Mwanafunzi hazidi mwendo wa baiskeli mpaka wilayani wamfungulie. Zamoyoni alifaulu mtihani. Tukaenda, tukaambiwa mtambo haushiki, njooni wiki ijayo. Wiki ijayo, mkubwa yuko semina. Sasa pumu nayo ingoje semina? Nilimpakia nyuma, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kanga yake, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Ikasema, taratibu, mwanafunzi. Njia nzima maneno hayo hayo, na yeye anahema shingoni kwangu. Halafu hahemi. Tukafika hospitali salama kabisa. Hatukuyumba hata kidogo."

Devota aliondoa mkono kwenye kiti.

"Na mpaka leo hawajaifungua?"

"Nilirudi. Wakasema kufuli linafunguka kwa kidole cha mwanafunzi, aje mwenyewe. Nikawaambia yuko kaburini. Wakasema utaratibu ni huo."

Devota akatengeneza mkoba begani.

"Sasa utamuuzia nani, baba?"

"Asiye na haraka."

Mkunga akaondoka kwa miguu kuelekea mlimani. Mkude akainuka, akaipiga teke pikipiki kwa nguvu zake zote. Ikalala, ikanguruma, ikasimama.

Akaishika usukani, akaiingiza ndani isinyeshewe.