Jino la Mtoto wa Kipunji

Kwa siku ya tatu mfululizo Lugano alikataa uji, na alipocheua yakamtoka maziwa.

Ikupa alimfuta mdomo kwa kanga, akanusa. Hayakuwa maziwa ya ng'ombe. Yalinuka majani mabichi na manyoya yaliyolowa. Naye mwenyewe alikuwa amemwachisha mtoto ziwa wiki mbili nyuma.

"Shangazi, umempa nini huyu?"

Damari, aliyekuwa akimlelea mtoto yeye akiwa kazini, alishusha sauti. "Sijampa kitu, mwanangu. Ila mchana akilala namsikia ananyonya. Nikichungulia, yuko peke yake. Lakini mashavu yanacheza."

Ikupa alikuwa mtafiti wa meno ya kima katika maabara ndogo pale Mbeya. Jino hukua tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti. Maziwa ya mama huacha madini ya bariamu kwenye enameli, gamba gumu la nje ya jino, na mtoto akiachishwa, madini hayo hupungua. Kwa njia hiyo alitafuta kujua vipunji, kima adimu wa Mlima Rungwe, huachishwa wakiwa na umri gani. Jino la mwisho aliletewa wiki moja kabla na mzee Aroni, mwongoza njia wa msituni. Alilikata katikati, nusu moja akaisaga na kuiyeyusha kwenye asidi. Majibu yalionyesha maziwa mpaka tabaka la mwisho: huyo alikufa bado ananyonya.

Siku hiyo aliwahi kurudi, jua bado kali. Mlangoni mwa chumba alisikia mnyonyo wa taratibu, wa mtoto aliyeshiba lakini hataki kuachia, akasogeza pazia na kumwona Lugano amelala ubavu, kichwa kimeinuka kana kwamba kimelalia mkono wa mtu, mdomo umeng'ang'ania hewa, koo linameza, na mbele yake godoro limebonyea kwa uzito wa mwili mrefu, mbonyeo ambao, Ikupa alipoguna kwa hofu, uligeuka polepole ukamwelekea yeye.

Alimnyakua mtoto, akatoka mbio, akampigia Aroni.

"Mzee, lile jino ulilitoa wapi?"

"Pangoni, tunakotambikia. Nisamehe, mama. Wazee husema mle mna jini jike. Aliokota kitoto cha kipunji akakinyonyesha kama chake, na kilipokufa hakukubali. Nilidhani ni maneno tu. Lirudishe leo hii."

Walifika pangoni kabla jua halijazama, Lugano mgongoni. Ikupa akaweka juu ya jiwe nusu ya jino iliyosalia, aliyoipitia maabara.

"Mama," alisema, "mwanao huyu hapa. Wa mgongoni ni wangu."

Sauti ya mwanamke ikamjibu sikioni, laini, kama ya mtu anayebembeleza. "Na nusu nyingine?"

Nusu nyingine ilikuwa maji ndani ya chupa. Aroni alianza Baba Yetu, akakwama palepale kwenye jina lako litukuzwe, akarudia, akakwama tena, huku Lugano akijinyonganyonga ndani ya kanga, akicheka, mikono yote miwili ameinyoosha kwenye giza la pango kama mtoto aliyemwona mama yake akirudi kutoka shamba.

Ikupa akapiga magoti, akafungua vifungo, akakamua juu ya jino maziwa yaliyombakia.

"Sina nusu. Chukua haya. Niachie mwanangu."

Mikono ya Lugano ikashuka. Akaanza kulia kwa njaa.

Kesho yake alimaliza bakuli zima la uji. Ikupa aliandika kwamba sampuli imeharibika, na utafiti ukaishia hapo.

Lugano sasa ana miaka minne, mzima kabisa. Maziwa ya mama yake hayajakauka. Kila siku, awe ofisini au sokoni Mwanjelwa, Ikupa hutafuta pa kukaa peke yake, hukunja mikono, na kitu kizito chenye manyoya yaliyolowa humpanda mapajani, kikanyonya mpaka kitosheke. Amezoea.

Lakini juzi, kwa mara ya kwanza, alihisi meno.