Nyongesa Apinga Tarehe Nyingine

Mahindi ya Sirisia yalikuwa yameanza kubeba. Nangila aliyatazama na roho ikamuuma. Mashine yao ya kupukuchua ilikuwa Kitale, nyuma ya kituo cha polisi, ikila kutu. Misimu miwili ilikuwa imepita bila mashine. Huu ulikuwa wa tatu.

Mtu wa Moi's Bridge alidai mashine ni yake, iliibwa, polisi wakaichukua kama kielelezo. Nyongesa, mumewe Nangila, alikuwa na risiti ya kuinunua. Akashtakiwa hata hivyo, akaachiliwa kwa dhamana. Mlalamishi huyo, aliyekuwa shahidi wa pekee, hakuja kortini hata siku moja. Kesi iliahirishwa mara saba.

Mara ya nane Nangila alikwenda ajionee. Kiongozi wa mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, shahidi hajafika. Naomba tarehe nyingine."

Hakimu akamgeukia Nyongesa. "Mshtakiwa, una pingamizi?"

Nyongesa akainamisha kichwa. "Sina, mheshimiwa."

Miezi mitatu tena!

Huko nje Nangila aliwaka. "Baba Viola! Nyumbani unabishana mpaka na redio. Hii ni mara ya nane! Hapo ndani ulimi umeuacha wapi?"

"Sasa nimkatalie hakimu? Ati anifunge?"

Mama mmoja kwenye benchi alicheka. Alikuwa Nyaruai, msaidizi wa kisheria anayewasaidia wasio na wakili, bila malipo.

"Hakufungi kwa kujibu swali," alisema. "Ukisema huna pingamizi, anaandika. Faili inaonyesha umeridhika kila ulipoulizwa."

"Niridhike na kutu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Katiba, kifungu cha hamsini, inakupa haki kesi ianze na iishe bila kucheleweshwa ovyo. Shahidi akiwa mgonjwa, kesi inaweza kungoja. Lakini mara nane bila sababu? Pinga, kwa heshima. Taja tarehe zote. Wewe mwenyewe umewahi kukosa?"

"Mara moja. Matanga ya mjomba."

"Usirudie. Hiyo pia imeandikwa."

Nyongesa aliandika tarehe zote kwenye daftari. Jioni Nangila aliketi kwenye kigoda, akajifanya hakimu.

"Napinga," Nyongesa alinong'ona.

"Sauti, bana! Unaongea kama uko mbele ya mama mkwe."

Miezi mitatu ikapita. Shahidi hakuja. Kiongozi wa mashtaka akaomba tarehe.

"Napinga, mheshimiwa," Nyongesa alisema. Safari hii sauti ilitoka. Alisoma tarehe zote. "Hii ni ya tisa. Hakuna aliyenipa sababu. Mashine yangu inaoza. Naomba hayo yaandikwe."

Hakimu alifunua faili, ukurasa baada ya ukurasa. "Natoa mwezi mmoja," alisema. "Ni mara ya mwisho."

Mwezi ukaisha. Mlalamishi hakuonekana. Kiongozi wa mashtaka aliomba tena, hakimu akakataa. Bila shahidi, upande wa mashtaka ukafunga kesi yake. Hakimu akasema hakuna ushahidi. Nyongesa akaachiliwa huru, na ikaamriwa mashine irudishwe kwake.

"Na kama mlalamishi angekuja?" Nangila alimuuliza Nyaruai.

"Mzee wako angetoa risiti yake, kesi iamuliwe. Haki yake ni kesi iishe. Kushinda ni jambo lingine."

Mashine ilikataa kuwaka siku mbili. Siku ya tatu ilinguruma, punje zikaruka, na Nyongesa akaanza kubishana na jirani yake Kipruto kuhusu nani awe wa kwanza kupukuchua.

"Una pingamizi?" Nangila alimpigia kelele.

"Ninalo!" akajibu, akamwaga mahindi mengine kwenye mashine.