Ufunguo wa Nesi wa Zamu

Kri, kri, kri. Inspekta alisikia gurudumu bovu la machela kabla haijachomoza kwenye kona ya korido, imebeba maiti iliyofunikwa shuka gubigubi. Akajibanza ukutani kuipisha. Miguu ilimwaka moto. Hajakaa tangu alfajiri.

Mzee aliyelala chini ya shuka ile alikufa saa nne asubuhi kwa sindano ya dawa isiyopatana na mwili wake. Onyo lilikuwa kwenye faili lake la kompyuta. Dakika kumi baadaye likafutwa, kwa jina la nesi wa zamu. Sasa nesi alikuwa chumba cha pili, ana pingu mikononi.

"Kesi imejimaliza yenyewe, afande," alisema fundi wa mfumo wa kompyuta wa hospitali, ofisini mwake.

"Nesi ana cheo gani humo?"

"Msomaji."

"Msomaji anafuta?"

"Yeye hapana. Ufunguo wake ndio unafuta."

"Taratibu, ndugu yangu. Kichwa kimechoka."

"Cheo kinasema mtu anaruhusiwa nini. Ufunguo ni kibali ambacho programu inaonyesha kwa niaba yake, nao una mawanda, yaani mipaka ya kazi zake: kusoma, kuandika, kufuta."

"Mawanda yanamwongezea madaraka?"

"Hayaongezi. Lazima cheo kikubali, na mawanda yakubali pia."

"Na hapa kwenu?"

Fundi alilamba midomo. "Mfumo unaangalia mawanda tu."

Inspekta alikunjua karatasi za kumbukumbu. "Ufunguo wake wa siku zote ni wa kusoma. Huu wa kufuta umetolewa leo, saa nne na dakika nane. Nani anatoa funguo?"

"Mimi."

"Umetoka kompyuta ipi?"

Fundi aliitupia jicho kompyuta iliyokuwa mbele yake.

"Ulimchongea ufunguo wa kufuta, ukasahau cheo chake. Skrini ya msomaji haina hata kitufe cha kufutia. Angefutaje?"

Fundi akanywea kitini. "Daktari aliyeandika ile sindano ni kaka yangu. Hakusoma onyo. Alinipigia simu analia. Ndiye aliyenilea, afande."

"Na huyu dada wa watu aozee jela?"

"Jina lake ndilo lililokuwa juu ya orodha ya zamu."

Inspekta hakuwa na nguvu hata ya kumgombeza. Alimkabidhi fundi kwa konstebo aliyesimama mlangoni, akaenda chumba cha pili, akafungua pingu. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wodi nzima inaniita muuaji," nesi alisema, akisugua vifundo vya mikono. "Nitaingiaje tena mle?"

"Kesho, wakati wa kukabidhiana zamu, nitatangulia mimi. Nitasimama mbele yao wote niwaambie nani alifuta, na kwa nini. Nakuahidi, dada yangu."