Waya wa Lonzo Purdie

Jumapili ile ilianza vizuri tu. Odessa Purdie, jirani yetu kule Mississippi, alikaanga kuku tangu asubuhi, akaoka pai ya viazi vitamu, akawa anagombana na inzi. Mwaka ulikuwa umetimia tangu baba yake, mzee Lonzo, afariki, na watu wa kanisani walikuwa wanakuja kumkumbuka.

Lonzo hakuwa mwanamuziki wa kawaida. Gitaa hakuwa nalo. Alipigilia misumari miwili kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake ya mbao, akafunga katikati yake waya alioutoa kwenye ufagio, akawa anausugua kwa shingo ya chupa. Aliimba bluzi za zamani, zile nyimbo za huzuni, uso ukutani, mgongo kwa watu. Waliotaka kumsikia waliingia ndani, wakaegemea mbao, na nyumba nzima ikalia. Akina mama walitoka humo macho mekundu, halafu wakadai walikuja kuomba chumvi tu.

Alipokufa, Odessa alifanya yote yanayopaswa. Alisimamisha saa. Alifunika vioo kwa shuka. Ala ya muziki ya marehemu nayo hulegezwa nyuzi siku hiyohiyo, asipate njia ya kurudi, kila mtu kwetu anajua. Lakini waya ule alikuwa ameuona pale tangu utotoni, kama bawaba ya mlango. Hakuukumbuka.

Baada ya chakula, mdogo wake Cleotha alifuta mikono, akaokota chupa. Cleotha jamani! Mtu ambaye hata kupiga makofi kanisani kulimshinda. Odessa ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa, na hakuwa na mwingine duniani.

"Shemasi, ingieni ndani," alisema Cleotha. "Leo nawaburudisha."

"Leo unatuua," alijibu Shemasi Tolliver. Watu wakacheka, wakaingia.

Waya ukalia. Vicheko vikakatika.

Ilikuwa sauti ya Lonzo, ile ya kukwaruza, iliyokuwa ikiburuta kila neno kama mtu asiyetaka kuondoka.

"Huyo ni mzee," alinong'ona Bi Ruthie, jirani.

"Nyamaza," alisema Shemasi.

Odessa alitoka nje. Jua lilikuwa kali. Cleotha alikuwa amebandika paji la uso ukutani, vidole vikivuja damu.

"Cleo, basi."

Hakugeuka. Odessa alimshika bega. Lilikuwa baridi. Akamchungulia usoni.

Mdomo wa Cleotha ulikuwa umefumbwa. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye mbao.

Odessa alikimbia jikoni kuchukua koleo. Hapo ndipo ukuta ulipoanza kugonga. Waliokuwa wameegemea wakaruka. Hakukuwa na mtu aliyegonga. Mbao ziligonga haraka haraka, kama mtu aliyefungiwa. Odessa hakungoja. Alikata waya.

Kimya.

Cleotha alianguka, akafumbua macho, akaomba maji. Jioni alikula sahani mbili. Odessa alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu aliyemrudishia mdogo wake.

Kesho yake Bi Ruthie alikuja amekumbatia redio ya kaseti.

"Nilirekodi jana, nimpelekee mwanangu Chicago," alisema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, Dessa. Halafu uniambie kama mimi nina wazimu."

Walikaa kwenye ngazi za nje. Kaseti ikazunguka. Wimbo haukuwepo. Kulikuwa na ule ugongaji tu, na katikati yake sauti ya Cleotha, nyembamba, karibu kabisa.

"Dessa, nimo humu. Usiukate waya. Ndiyo njia yangu ya kutokea. Dessa, usiuka—"

Kisha mlio wa koleo.

Odessa aliangusha redio. Alibandika sikio ukutani, akamwita Cleo, Cleo, mpaka sauti ikamkauka. Alijaribu kuunga ncha za waya. Hazikufikiana.

Dirisha lilifunguka juu ya kichwa chake. Cleotha alichungulia, anatafuna.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

Bi Ruthie hakukanyaga tena pale. Odessa hakuhama, ingawa tulimsihi. Ubao mmoja, chini ya misumari, umevimba umbo la kiganja, vidole vitano vikisukuma kutoka ndani. Kila siku Odessa huweka mkono wake juu yake. Anasema bado kina joto.