Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Karani wa ofisi ya vifurushi alikuwa ameshazima taa moja kati ya mbili. Jua lilikuwa linashuka, na yeye alitaka kwenda kwake.

"Mjapani," alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua ni wewe tu. Mwanasesere mwingine?"

"Sanamu."

"Haya, sanamu. Tia sahihi hapa."

Mjapani hakuwa Mjapani hata kwa kusingiziwa. Alikuwa fundi wa lenzi katika duka la miwani, mtu wa miaka thelathini na minne ambaye kutwa nzima alisugua vioo vya macho ya watu wengine. Wenzake dukani walimpa jina hilo kwa sababu ya vile vitabu vyembamba vya hadithi za Kijapani alivyosoma wakati wa chakula, likatoka nje, likafika hata kwa karani wa vifurushi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki na watu wawili. Mmoja alikuwa mama yake, aliyefariki miezi minane iliyopita. Wa pili alikuwa dada yake mkubwa, anayeishi mbali, na huyo naye kila akipiga simu alimwita "mdogo wangu" tu.

Juu ya boksi, mtu aliyemuuzia kupitia intaneti alikuwa ameandika kwa kalamu: *Sehemu zote zimo. Namtoa kwa sababu sina tena nyumba.* Karani aliyasoma maneno hayo kwa sauti, akacheka, akasema huyo bila shaka ameoa na mke kamwambia achague moja. Mjapani akacheka naye, akachelewa kidogo kuondoka. Hakuwa amecheka na mtu tangu Jumatatu.

Aliishi peke yake katika vyumba viwili alivyoachiwa na mama yake. Rafu za sebuleni zilikuwa zimejaa sanamu, kila moja na kibao chake cha kusimamia, na kila Jumamosi alizipangusa vumbi kwa brashi ile ile ya kusafishia lenzi. Huyu mpya alimpa nafasi ya katikati, akimwelekeza mlangoni. Alikuwa msichana wa kimo cha shubiri moja, mwenye nywele fupi na viatu vya mvua. Alikuja na miavuli miwili ya kubadilishana mkononi, mmoja umefunguliwa, mwingine umefungwa. Mjapani alimpachika ule uliofunguliwa na kuurudisha wa pili kwenye boksi.

Alimnunua kwa sababu walishafahamiana. Alikuwa binti wa mchezo wa kusoma, ile michezo ambayo hadithi inakuja kwenye kompyuta na picha na sauti, na msomaji anapewa majibu mawili achague moja. Mjapani alijifunza Kijapani miaka saba kwa kamusi na ukaidi, na sasa alikuwa anautafsiri mchezo mzima kwa Kiswahili. Wasomaji wake walikuwa watatu. Wawili walishanyamaza. Wa tatu alijiita Mhakiki, hawajawahi kuonana, na kazi yake ilikuwa kumsahihisha bila huruma.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Binti wa Mwavuli amepanga chumba katika nyumba yako, na kila jioni anarudi, mvua inanyesha. Anaporudi anasema neno moja ambalo kule kwao kila arudiye nyumbani hulisema, nawe unamjibu neno lingine ambalo kila aliyebaki nyumbani hulijibu. Kiswahili hakina jozi kama hiyo. Mjapani alisumbuka nalo wiki mbili. Mwishowe aliandika *Hodi*, na jibu akaandika *Karibu*.

Kulikuwa na maneno mengine, na aliyajua. Hakutaka kuyaandika.

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, alikaa kwenye kompyuta mgongo wake ukiwa kwa rafu, akaanza kusoma tafsiri kwa sauti, kama alivyozoea, ili asikie kama inateleza.

"Hodi," alisoma.

Mlangoni pakasikika, "Hodi."

Alidhani ni sauti yake mwenyewe imegonga ukuta.

"Hodi..."

Sauti ya kike, taratibu, ya mtu aliyechoka. Kisha harufu ikapenya chini ya mlango. Nguo mbichi. Udongo uliolowa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

"Hodi."

Mtu akishalelewa na Kiswahili, hodi ya tatu haiachi ipite. Ulimi unajibu kabla ya akili. Isitoshe neno lenyewe lilikuwa mbele ya macho yake, linawakawaka kwenye kioo cha kompyuta.

"Karibu," alisema Mjapani.

Mlango haukufunguka. Hakuna aliyeingia. Alikaa vile vile mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo akaenda kuwasha taa kubwa. Kitasa kilikuwa kimefungwa. Kutoka mlangoni hadi chini ya rafu kulikuwa na matone ya maji, moja moja.

Akamtazama yule binti. Mkononi alikuwa ameshika mwavuli uliofungwa.

Kwani nani anakaa na mwavuli wazi ndani ya nyumba?

Kesho yake dukani alisugua lenzi moja mpaka ikapasuka. Mwenye duka alimuuliza kama anaumwa, akasema hakulala vizuri, wakaishia hapo. Alitaka kumweleza mtu, lakini aanze vipi? Aseme mwanasesere wake amekunja mwavuli? Wangekuwa na la kuchekea mpaka mwaka mpya.

Jioni ya pili ilikuja hodi tena, saa ile ile. Alijibu, kwa woga. Jioni ya tatu aliamua kuwa mwanamume. Alizima kompyuta, akakaa kitandani, akaziba mdomo kwa viganja. Mama yake alimfundisha tangu utotoni kwamba hodi ni tatu. Asiyejibiwa hugeuka akaenda zake.

"Hodi."

"Hodi..."

"Hodi."

Kisha hatua za viatu vyenye maji, chwap, chwap, zikienda mbali pole pole, za mtu asiye na pa kwenda.

Alikuwa ameshinda. Alipaswa kufurahi. Badala yake alisikia nyumba nzima imemnyamazia, friji, saa, bomba, na akalia kama hakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Miezi minane hapakuwa na mtu aliyefika kwenye mlango ule kwa ajili yake. Sasa amekuja mmoja na yeye amemfukuza.

Jioni ya nne alikuwa ameketi sebuleni tangu saa kumi na mbili, amevaa shati safi. Hodi ya kwanza tu, akajibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Alijiambia hivyo, na kwa siku kadhaa ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwona. Yalikuwepo matone, harufu ya mvua, kiti kilichosogea kidogo. Alikuwa anasoma tafsiri kwa sauti, na nyuma yake alijua kuna anayesikiliza. Siku moja alisoma mahali pa kuchekesha, na kitu kikacheka... kidogo tu, puani.

Ndipo Mhakiki akamwandikia.

Alisema amesoma sura zote na kazi ni nzuri, ila kuna kosa moja linalomkera kama mchanga kwenye wali. "Mwenye nyumba hapigi hodi," aliandika. "Hodi ni ya mgeni. Huyu binti anaishi pale. Kwenu, mtu akirudi kutoka kazini alikuwa anasemaje?"

Mjapani aliyakodolea macho yale maneno kwa muda mrefu. Alikuwa anajua jibu tangu zile wiki mbili.

Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za hospitali. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, ufunguo uligeuka, ikaingia harufu ya sabuni kali na dawa, na mama akasema, "Ni mimi." Basi, hayo tu. Naye Mjapani, macho kitabuni, alijibu, "Pole na kazi." Alijibu hivyo miaka yote, na hakumbuki hata siku moja aliyoinua kichwa kumtazama.

Lakini mama huyo huyo ndiye aliyemwonya, alipokuwa mdogo na akiachwa ndani peke yake. Mtu akisema "ni mimi," usifungue. Muulize, mimi nani? "Mimi ni jina la kila mtu," mama alikuwa anasema. "Hata shetani ana mimi yake."

Alijua tofauti, mtu asimlaumu Mhakiki. Mgeni unaweza kumnyima jibu akaenda. Mwenye kwake humnyimi. Alijua. Lakini saa ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi, nyumba ilikuwa kimya, na yeye alitaka kusikia neno lile mara moja tu. Safari hii angeinua kichwa.

Aliamuru kompyuta ibadilishe kila *Hodi* iwe *Ni mimi*. Mahali arobaini na moja. Kila *Karibu* ikawa *Pole na kazi*. Na kwa kuwa mchezo unadai majibu mawili, chini yake akaandika lile la pili, kwa heshima ya marehemu: *Mimi nani?*

Akahifadhi. Akasubiri.

Saa kumi na mbili na nusu hakukuwa na hodi.

Kulikuwa na ufunguo.

Uligeuka kitasani bila kubahatisha, wa mtu anayejua kwamba kitasa kile hukwama kidogo kushoto. Mjapani akatupia jicho msumari wa ukutani, ulipotundikwa ufunguo wa mama tangu msiba. Msumari ulikuwa mtupu. Mlango ukafunguka nyuma yake, na harufu ikaingia. Haikuwa mvua tena.

Sabuni kali, na dawa.

"Ni mimi."

Sauti ilikuwa ya mama, na ule uchovu wake, na ule mkwaruzo mdogo wa koo. Kwenye kioo majibu mawili yaliwakawaka. *Pole na kazi. Mimi nani?* Uliza, alijiambia. Uliza, ni maneno mawili tu. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Pole na kazi," alisema.

Hakuinua kichwa. Safari hii aliogopa. Hatua zilipita nyuma ya kiti chake, na kwa ukingo wa jicho aliona viatu vya mvua, si vile vya sanamu ya shubiri moja. Vilikuwa saizi ya mtu. Vikaelekea jikoni, maji yakafunguliwa, sufuria ikagongana na sufuria. Mjapani alisinzia pale pale kwenye kiti, na ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule.

Siku iliyofuata alitabasamu kazini mpaka wenzake wakatazamana. Mteja mmoja wa mwisho alimchelewesha, fremu yake ilikuwa imelegea, kwa hiyo Mjapani alifika nyumbani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Dirishani taa ilikuwa inawaka. Moyo wake ulifurahi, kusema kweli. Tangu lini amerudi akakuta taa?

Akatia ufunguo. Haukugeuka. Akausukuma kidogo kushoto. Haukugeuka.

Ndani, kiti kilisogea.

"Nani?" sauti ya mama yake ikauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alifungua mdomo. "Mjapani," alisema, na papo hapo akajua kwamba hilo si jina, ni utani wa dukani. Akatafuta lile lingine, lile la kuzaliwa, ambalo sauti hii hii ilimwita nalo miaka thelathini na mitatu. Alilitafuta kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka. Palikuwa na pengo tu.

Akatoa simu, akampigia dada yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena bure.

Pazia lilikuwa na uwazi mwembamba. Alichungulia. Katikati ya rafu kilisimama kibao kitupu. Sakafuni mwavuli mkubwa ulikuwa umetandazwa ukauke. Mtu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mgongo wake kwa dirisha, amejifunga kitambaa kichwani kama mama alivyozoea akitoka kazini.

Ndipo Mjapani alipokumbuka maneno ya juu ya boksi, yale waliyoyacheka na karani. *Sina tena nyumba.* Yule aliyeyaandika hakuwa ameoa.

Kitu cha baridi kilimgusa mkono. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni, tone moja moja, kwenye kizingiti. Mbinguni hakukuwa na wingu.

Lilibaki jambo moja ambalo asiye mwenye nyumba anaweza kulifanya. Alisimama wima, akajifuta uso, akabisha.

"Hodi," alisema.

"Hodi..."

Mwanga wa kompyuta ulibadilika kwenye pazia. Alijua maana yake. Majibu mawili yalikuwa yametokea, na safari hii wa kuchagua alikuwa yule wa ndani.

"Hodi," alisema mara ya tatu, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na akasikia kipanya kikibofywa.